Laptop inafungua, app ya Android inagoma: shida ya cheti?

Sakina_Net: Wakuu, hapa Arusha tuna seva ya Ubuntu yenye nginx (programu ya kuhudumia tovuti), inapokea buking za safari. Cheti cha HTTPS ni cha Let's Encrypt, wale wanaotoa vyeti bure. Chrome ya laptop inafungua vizuri, ila app yetu ya Android inagoma, na curl (amri ya kuita tovuti kwenye terminal) inasema "unable to get local issuer certificate". Halafu seva ya ndani ya ofisi ina cheti kilichosainiwa na CA (mtoa vyeti) yetu wenyewe. Nataka vifaa vyote viiamini.

Fundi_Njoro: Mkuu, seva inatuma cheti cha tovuti peke yake, cha kati, kinachokiunganisha na cheti cha mzizi ambacho kifaa kinakiamini, hakipo. Chrome ikikikosa hukifuata yenyewe kwenye anwani iliyoandikwa ndani ya cheti. Curl na app nyingi hazifanyi hivyo. Hakiki:

`openssl s_client -connect jina:443 -servername jina -showcerts`

Ukiona BEGIN CERTIFICATE moja tu, ndiyo hiyo. Kwenye mipangilio ya nginx, elekeza ssl_certificate kwenye fullchain.pem (cheti cha tovuti pamoja na cha kati) badala ya cert.pem, kisha `nginx -t`, halafu `systemctl reload nginx`. Cheti cha mzizi usikitie humo: kifaa kisichokuwa nacho hakitakiamini eti kwa sababu seva imekituma.

mzee_wa_pem: Simu za Android chini ya 7.1.1 bado zitagoma, hazina ISRG Root X1, cheti cha mzizi cha Let's Encrypt. Mnyororo wa vyeti uliokuwa ukizibeba, kupitia mzizi wa zamani, uliisha muda 30 Septemba 2024. Badilisheni simu tu.

Kuhusu CA yenu, sambaza cheti chake, ufunguo wa siri usitoke. Ubuntu: weka kwenye /usr/local/share/ca-certificates/ kisha `sudo update-ca-certificates`. Jina liishie .crt, ukiliacha .pem amri inapita kimya na hakuna kilichoongezwa. Windows, kama admin: `certutil -addstore -f Root ca.crt`. iPhone ndiyo huwachenga wengi: profaili ikishaingia, bado uwashe swichi kwenye Settings > General > About > Certificate Trust Settings. Android 7 kwenda juu, Chrome itakiamini, app hapana, mpaka msanidi airuhusu CA hiyo kwenye network_security_config, faili ya mipangilio ya usalama ndani ya app.

Jina au IP ya seva iwe kwenye subjectAltName, sehemu ya majina ndani ya cheti. Chrome iliacha kusoma CN (sehemu ya zamani ya jina) tangu toleo la 58. Muda wa cheti usizidi siku 825, iPhone itakataa.

Fundi_Njoro: Mimi ningeachana na hiyo CA. Kama mna domeni, chukueni cheti cha Let's Encrypt kwa DNS-01 (unathibitisha domeni ni yako kwa kuweka rekodi kwenye DNS) hata kwa seva ya ndani. Haihitaji kufunguliwa intaneti, na hamgusi simu ya mtu. Ila jina la seva litaonekana kwenye kumbukumbu za vyeti za umma, kwa hiyo msiiite "mishahara".