Windows 11 imegoma kuingia kwenye EliteBook 840 G3: nilazimishe, nirudi 10, au nihamie Linux Mint?

mchapaji_msamvu

Wakuu, habari za mchana. Nina EliteBook 840 G3, mtumba wa Ulaya: i5-6300U, RAM 8 GB, SSD 256 GB. Ilikuja na Windows 10 na ndiyo inayonilisha hapa stesheneri: kuchapa tafiti za wanachuo, kupanga kurasa, kuprinti. Microsoft walipofunga huduma ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025 nikaona nihamie 11. Kazi zote nilizihamishia kwanza kwenye diski ya nje, kwa hiyo humo ndani hamna cha kuniliza.

Jaribio la kwanza ikaniambia kompyuta hii haina sifa za kuendesha Windows 11. Jirani mwenye duka la simu akanitengenezea flashi upya kwa Rufus (programu ya kutengeneza flashi za kuingizia Windows), akaondoa hicho kizuizi. Ikavuka hapo, ikafika kwenye kuchagua diski, ikasema diski yangu ni ya MBR (mpangilio wa zamani wa diski) na kwenye EFI (uwashaji wa kisasa) inakubali GPT (mpangilio mpya) tu. Nikafuata video, nikaisafisha kwa diskpart (amri ya Windows ya kupanga diski), ikakubali. Sasa inaanza kunakili mafaili vizuri, ikifika katikati inasimama na kosa 0x80070570. Nikirudia inasimama tena, ila asilimia si ile ile.

Nimebaki na njia tatu kichwani: (1) nikomae na 11 ya kulazimisha, (2) nirudi Windows 10, (3) nihamie Linux Mint ambayo watu wanaisifia. Kazi imesimama, wateja wananiangalia. Mngekuwa nyie mngechagua ipi?

kijana_mwenge

Komaa na 11, mkuu. Hiyo mashine ina nguvu ya kutosha. Mimi ninayo kwenye ThinkPad ya kizazi hicho hicho cha 6 na mambo yanaenda. Tafuta flashi nyingine, upige tena.

fundi_aggrey

Mkuu Msamvu, kabla ya kuchagua kati ya hizo tatu, soma tena hilo kosa. 0x80070570 maana yake faili limeharibika au halisomeki. Haijagombana na prosesa wala TPM (chipu ya usalama ambayo Windows 11 inaidai), hizo ulishazivuka. Kuna kitu hapo njiani kinasoma vibaya, na ukikiacha hivyo, hata Windows 10 au Mint vitakwama kwenye mashine hiyo hiyo halafu utasema Linux nayo mbovu.

Umesema asilimia inabadilika kila ukirudia. Hiyo ni habari muhimu kuliko namba ya kosa. Faili la ISO (lile la Windows nzima unalopakua na kuweka kwenye flashi) likiwa bovu lenyewe, mara nyingi kukwama kunakuwa pale pale. Kikihama-hama, mimi huanza na flashi, halafu RAM, halafu diski.

Flashi: pakua H2testw kwenye kompyuta nyingine. Inaijaza flashi yote kwa data, kisha inaisoma tena kuona kama ilichoandika ndicho kilichomo. Sokoni zimejaa flashi zilizoandikwa 64 GB ambazo chipu yake ndani ni ya 8 au chini ya hapo. Ukiiweka faili dogo inakuonyesha tabasamu. Ukiweka ISO ya Windows 11, ambayo inapita GB 5, ile sehemu ya ziada inaandikwa hewani na hakuna atakayekwambia. Muda wa kupima ni mrefu, iache ifanye kazi wewe ukaendelee na mengine.

ISO: fungua kidirisha cha amri hapo hapo kwenye kompyuta nyingine, andika `certutil -hashfile` ikifuatiwa na jina la faili, kisha `SHA256`. Itakupa mstari mrefu wa herufi na namba. Linganisha na ule ulioko kwenye ukurasa wa Microsoft wa kupakulia. Ukitofautiana hata herufi moja, bando limekwenda bure, pakua upya. Kama ISO umeipata kwa mtu au kwenye kundi la Telegram, usihangaike kuipima, itupe.

RAM: Memtest86+ kwenye flashi, iache ipite mzunguko mzima angalau mmoja. 840 G3 ina nafasi mbili za RAM, kwa hiyo ikionyesha mistari myekundu unachomoa kipande kimoja unajaribu na kingine.

Kwa wengine mtakaosoma uzi huu mkiwa mmekwama kwenye MBR: pale kwenye skrini ya kuchagua diski bonyeza Shift+F10, andika `diskpart`, kisha `list disk`. ANGALIA UKUBWA, maana flashi nayo imo kwenye orodha hiyo. Kisha `select disk` na namba yake, `clean`, `convert gpt`. Amri ya `clean` inafagia diski nzima, si partisheni moja, na haiulizi mara mbili. Kama data bado unaitaka na Windows 10 ya zamani inawaka, kuna `mbr2gpt`, inabadilisha bila kufuta. Anza na `/validate` uone kama itakubali. Na data ihifadhi kwingine hata hivyo.

dada_mkunazini

Naongezea kwa fundi. Kaka, tengeneza flashi ya Mint hata kama huna nia ya kuhamia. Mint inawaka kutoka kwenye flashi bila kugusa diski. Ukishaingia, fungua programu ya Disks, chagua SSD yako, tazama taarifa za SMART (ripoti ya afya ya diski). Ikiwa SSD inakufa utaiona hapo kabla hujapoteza siku nyingine. Hapo hapo unajaribu Wi-Fi, sauti, na kikubwa kwako, printa.

Sasa kuhusu kuhamia. Mimi nipo Linux miaka na siwezi kurudi, lakini kwa kazi yako sikushauri. Mint 22 toleo la Xfce kwenye RAM 8 GB litateleza kama maji, na msaada wake unakwenda hadi 2029, hilo halina ubishi. Tatizo ni Word. Mwanachuo anakuletea tasnifu yenye kurasa nyingi, ina jedwali la yaliyomo, tanbihi, namba za kirumi mbele na za kawaida nyuma. LibreOffice itaifungua. Haina Calibri wala Cambria, inaweka Carlito na Caladea ambazo upana wa herufi zake ni ule ule, kwa hiyo maandishi ya kawaida hayahami. Ila majedwali, picha zilizoelea na vile visanduku vya maandishi vinaweza kusogea, na kichwa cha habari kikaangukia chini ya ukurasa. Wewe utarekebisha, utamrudishia, atafungua kwenye Word ya msimamizi wake, vimesogea tena. Ugomvi wa nani ameharibu utaumaliza wewe.

Printa je, ni ipi? HP nyingi zinakubali kirahisi. Zile Canon ndogo zinazotaka draiva ya CAPT zina kazi yake kwenye Linux.

mchapaji_msamvu

Dada, printa ni Canon ndogo nyeusi hizi za leza. Basi (3) naiweka pembeni, asante kwa ukweli. Flashi naipima sasa hivi. Imeandikwa 64 GB, niliinunua stendi.

kijana_mwenge

Stendi 😂 Mkuu, jibu umelitoa mwenyewe.

mzee_wa_nyali

Ndugu zangu, niko Mombasa, shida yangu yafanana ila si hiyo. Laptop ya kijana wangu ni ya Intel kizazi cha 11. Nataka kumwekea Windows upya, nikifika pa kuchagua diski hapana kitu kabisa. Orodha tupu. Na SSD naijua nzima kwa sababu Windows ya mwanzo yawaka.

fundi_aggrey

Shikamoo mzee. Hiyo ni VMD. Kuanzia kizazi cha 11, laptop nyingi zinaificha SSD nyuma ya kidhibiti cha Intel, na flashi ya Windows haina draiva yake. Pakua draiva ya Intel RST kutoka ukurasa wa mtengenezaji wa laptop, ifungue iwe folda yenye mafaili ya .inf, iweke kwenye flashi hiyo hiyo, na pale orodha ilipo tupu bonyeza sehemu ya kupakia draiva. Diski itatokea.

Njia nyingine ni kuzima VMD ndani ya BIOS (mipangilio ya msingi ya kompyuta, inayofunguliwa kabla Windows haijawaka). Inafanya kazi, lakini ukishaizima ile Windows ya zamani haitawaka tena mpaka uirudishe. Kwa hiyo kama kijana bado ana vitu ndani, tumia draiva.

mzee_wa_nyali

Marahaba. Nitajaribu ya draiva.

bosi_wa_excel

Narudi kwenye swali la mwenye uzi, maana limepita haraka. Flashi ikipona, bado kuna kuchagua kati ya (1) na (2).

Kijana wa Mwenge, 11 ya kulazimisha inawaka, ni kweli. Orodha ya Microsoft kwa Intel inaanzia kizazi cha 8, na vichache tu vya kizazi cha 7, kwa hiyo i5-6300U haimo hata ukifanikiwa kuipandisha TPM iwe 2.0. Viraka vya kila mwezi vinaweza kuendelea kuja, ila Microsoft wameshasema kwa mashine zisizotimiza sifa hawaahidi. Na toleo jipya la mwaka halitajileta lenyewe. Unapakua ISO na kulazimisha tena kwa mkono. Halafu wanaweza kukaza wakati wowote. Walipoleta 24H2 (toleo la 11 la mwaka 2024), prosesa zisizo na amri za POPCNT na SSE4.2 ziliacha kabisa kuwaka, Core 2 Duo zote zikaachwa barabarani. Yako ina hizo amri, haikuguswa. Ila umeona mlango unavyofungwa.

Windows 10 22H2 (toleo lake la mwisho) kuna mpango wa ESU, viraka vya usalama hadi 13 Oktoba 2026 kwa mtu binafsi. Unalipia dola 30, au unaupata kwa pointi 1,000 za Microsoft Rewards, au bure ukiingia kwa akaunti ya Microsoft na kuruhusu mipangilio yako ihifadhiwe kwao. Leseni huna haja ya kununua: kama Windows 10 iliyokuja nayo ilikuwa halali, imefungwa kwenye mazabodi. Wakati wa kuingiza ukiulizwa namba ya leseni, ruka.

Mtu ambaye mkate wake unatoka kwenye hiyo laptop, mimi ningemwambia 10 sasa, atulie, apange fedha.

kijana_mwenge

Sawa bosi, lakini Oktoba 2026 si mbali. Atapiga mara mbili. Si bora apige 11 mara moja aishi nayo? Mimi toleo jipya nimelilazimisha kwa mkono, halichukui hata mchana mzima.

bosi_wa_excel

Kwako sawa, unafurahia kuchezea. Yeye siku likigoma ana foleni ya wanafunzi mlangoni wenye tarehe ya mwisho kesho.

fundi_aggrey

Mimi kwa wateja naweka 10 kwa anayefanyia biashara, 11 ya kulazimisha kwa mwanafunzi au wa nyumbani anayejua kujisaidia. Yule anayetumia kivinjari tu, YouTube na barua pepe, namwekea Mint na huwa harudi kulalamika.

Jambo jingine, mkuu: ukiingia BIOS kwa F10 tazama saa. Hizi mtumba betri yake ndogo ya saa huwa imekufa, tarehe inarudi nyuma miaka. Saa ikiwa ya uongo, leseni na tovuti nyingi zinakataa, na watu wanadhani Windows ndiyo mbovu.

mchapaji_msamvu

Wakuu, mrejesho. H2testw imeanza kutoa makosa mapema kabisa; chipu haifiki hata GB 8. Nimepata flashi nyingine kwa mwenzangu wa benki ya jirani, nimeipima nzima ikapita, ISO nimepakua mwenyewe na ule mstari wa SHA256 umelingana. Memtest safi. Saa ya BIOS kweli ilikuwa imerudi nyuma, nimeirekebisha na betri nitabadili.

Nimechagua Windows 10. Imenakili hadi mwisho bila kusita. Ila ilipojizima na kuwaka ikanirudisha kwenye skrini ile ile ya kuchagua lugha, kana kwamba inaanza upya. Nimeiacha hapo hapo, naogopa kubonyeza.

dada_mkunazini

Kaka, chomoa flashi! Imewaka tena kutoka kwenye flashi badala ya diski. Zima, chomoa, washa.

mchapaji_msamvu

🙏 Imeendelea. Imefika mezani, Wi-Fi ipo, leseni imejikubali yenyewe nilipounganisha intaneti, Canon inaprinti. ESU nimejiandikisha kwa akaunti.

La mwisho, msinicheke. SSD imeandikwa 256 GB lakini Windows inasema 238. Baada ya ile flashi siamini tena mtu. Nimepigwa na hii nayo?

fundi_aggrey

Hapana, hiyo ni halali. Mtengenezaji anahesabu baiti bilioni 256. Windows inagawanya kwa 1024 mara tatu halafu bado inaita GB, ndiyo inatoka 238. Kila SSD ya 256 inaonyesha hivyo.