Uzi wa waliopasuliwa mguu na kurudi nyumbani siku hiyo hiyo: tupeane uzoefu

Kijana wa Isanga
Habarini wakuu. Nina uvimbe wa mafuta kwenye shavu la mguu. Umekaa miaka, hauumi, ila sasa buti la kazini linaukwaruza. Daktari kasema ni kazi ya ganzi tu, naingia asubuhi, mchana niko nyumbani. Kisu hakinitishi. Nataka kujua ya baada ya hapo, maana nakaa mlimani, geto peke yangu, na baridi ya Mbeya mwezi huu mnaijua. Mliopitia njooni.

Fundi Viatu Mwanjelwa
Karibu chamani mkuu. Mimi ilikuwa kucha ya dole gumba, ile inayojichimbia kwenye nyama. Sindano ya ganzi ndiyo kisanga chenyewe: wanachoma shina la kidole huku na huku, machozi yanakutoka na utu uzima wako. Baada ya hapo unasikia mtu anavutavuta tu. Tatizo watu wakitoka pale wanajiona mashujaa, mara sokoni, mara Kabwe kusalimia. Ganzi ikikata ndiyo utamjua Mungu. Meza vidonge ulivyopewa kabla haijaisha. Na nenda na kandambili.

Mwalimu wa Kihesa
Mimi ni mishipa iliyojisokota, zawadi ya kusimama ubaoni. Walinichana vitundu vidogo vidogo wakaivuta, wakanifunga bandeji ya kubana kuanzia unyayoni. Niliambiwa nisilale kutwa: nitembee kidogo kidogo humo ndani ili damu isigande mguuni, na nikipumzika niinue mguu kwa mito upite usawa wa moyo. Sasa mama mkwe alikuja kuniuguza, akataka nikae kitandani kama mzazi, uji unaletwa, maji yanaletwa. Kila nikiinuka, "Mwanangu, unataka watu waseme sikukutunza?" Ikabidi nizunguke chumbani akiwa ameenda kuchuma mboga. Mguu ulivilia damu, ukawa zambarau kisha njano, usishtuke. Zile soksi za kubana ni ghali, ila kwa baridi ya Iringa nilizipenda.

Kijana wa Isanga
Shikamoo mwalimu, asante. Nyuzi je, zinakaa muda gani?

Nesi Mstaafu Tukuyu
Mwanangu, uzi wa usoni hutolewa siku ya 5 hivi, wa mguuni huachwa siku 10 hadi 14. Damu ya huko chini hupanda taratibu na ngozi inavutwa ukitembea. Uliza kama wako ni wa kutolewa au wa kuyeyuka wenyewe. Kidonda kisilowe, na mvua ya huku Rungwe haina adabu (mifuko ya rambo mlishanyang'anywa 2019, tafuta kingine cha kufunikia). Majivu na dawa ya meno, hapana. Jingine, na hili nimeliona: usiutegeshe mguu kwenye jiko la mkaa wakati ganzi bado ipo. Utaungua usijue. Kama una sukari waambie mapema, vidonda vyake huchelewa kupona. Ukiona wekundu unasambaa, usaha au homa, rudi hospitali usingoje tarehe. Shavu zima la mguu likivimba na kuuma, au kifua kikabana, kimbilia hospitali saa hiyo hiyo.

Boda Makambako
Uvimbe kama wako, mguu wa kulia, ule wa kupigia kiki. Nilimwachia mdogo wangu pikipiki, hesabu ikashuka, bosi akanuna wiki nzima. Kile kinyama wanachokitoa hawakitupi, kinapelekwa maabara kupimwa. Wengi wakishapona hawarudi kuchukua majibu. Wewe yafuate. Yangu yalisema mafuta tu, nikalala usingizi. Na kurudi nyumbani chukua bajaji, nakwambia mimi mtu wa boda.

Kijana wa Isanga
Nimewaelewa. Naomba ruhusa kazini mpaka nyuzi zitoke, na maji nitamlipa dogo wa jirani anichotee. Aliye jirani Isanga au Sokomatola mwenye gongo la kuazima aje PM.