Tupeane uzoefu: safari ya basi ya siku moja kwenda maporomoko. Majini ulikaa dakika ngapi?

Siti ya Dirishani:

Wakuu, habari za wikendi. Juzi nilikuwa maporomoko ya Sanje, kule Udzungwa. Magoti bado yanauma na kuna hesabu inanisumbua, nataka tuipige pamoja.

Tangazo lilisema: Dar–Sanje–Dar, kwenda na kurudi siku moja, usafiri, chakula, kiingilio na mwongozaji, vyote ndani. Tukachanga, Kosta ikajaa. Kuondoka saa tisa usiku. Saa tisa kamili niko Ubungo na begi mgongoni. Saa kumi bado tunamsubiri dada mmoja wa Mbagala ambaye kila akipigiwa simu yuko "hapo hapo karibu". Tukatoka saa kumi na nusu. Kuchimba dawa Chalinze, chai na mayai ya kuchemsha Msamvu, halafu ile barabara inayokatiza hifadhi ya Mikumi ambako lazima dereva atambae, maana ukigonga mnyama faini yake utauza gari. Wenzangu wanapiga picha twiga kupitia dirishani, mimi naangalia saa. Mikumi mjini tukakata kushoto, njia ya Ifakara. Kidatu, miwa, miwa, miwa.

Sasa sikieni. Tukafika kijiji cha Sanje penyewe, kibao tukakisoma wote, watu wakashangilia, dereva akapitiliza! Kumbe kujiandikisha na kulipia ni makao makuu ya hifadhi, Mang'ula, kama kilomita kumi mbele. Pale hawapokei pesa mkononi, ni kontroli namba (namba ya malipo ya serikali), na mratibu wetu alikuja na bahasha ya noti. Akaanza kutafuta wakala wa kumwekea pesa kwenye simu. Tulivyomaliza na kurudi Sanje ilikuwa saa saba kasoro mchana.

Msitu wenyewe sina la kusema, ni mzuri hadi unaongea kwa sauti ya chini. Mbega wekundu juu ya miti wanakuangalia kama wewe ndiye kivutio. Njia inapanda kwelikweli. Nilikuwa na raba mpya za bei, nimeanguka mara mbili. Kijana aliyetubebea maji alikuwa na yeboyebo, zile ndala za plastiki, na hakuteleza hata mara moja.

Maji yanashuka kwa hatua, kwa jumla mita 170 hivi. Tulipofika kwenye bwawa nikavua raba, nikaingiza miguu, baridi ikanipanda hadi kwenye meno. Nikafumba macho. Nafumbua, mratibu amenishika bega: "Mkuu, tunashuka, jua linatukimbia."

Nimeangalia kwenye simu. Picha ya kwanza bwawani saa nane na dakika 41. Ya mwisho, saa tisa na dakika 3. Dakika 22. Kwenye Kosta nimekaa kama saa 17, na nyumbani nimeingia saa saba na nusu usiku nikiwa na nusu ya paja la kuku kwenye foili.

Haya, wenye uzoefu tiririkeni. Mlikwenda wapi, na majini mlipewa dakika ngapi?

Kwaya ya Pili:

Dakika 22 unalalamika, mkuu? Angalau maji uliyakuta. Nilikuwa kikazi Lusaka, kanisa likaandaa basi kwenda Livingstone kuona Mosi-oa-Tunya, yaani Victoria Falls. Ni kilomita 470 na ushee kwenda tu. Tulikwenda Novemba. Mtu yeyote wa Livingstone angetuambia kwamba Oktoba na Novemba upande wa Zambia Zambezi inakuwa imepungua sana, sehemu kubwa ya ukuta inabaki mwamba mtupu. Maji ya maana yako upande wa Zimbabwe. Hakuna aliyeuliza. Upana wa kilomita moja na mita 700, na sisi tumesimama tunatazama mawe, mwalimu wa kwaya amebeba kinanda. Tuliimba hivyo hivyo. Muda tulipewa saa mbili nzima, hatukujua tuzifanyie nini.

Mama Estate:

Hamjambo wote, niko Nairobi. Sisi chama chetu cha akina mama tulikodi basi kwenda Thomson's Falls, Nyahururu, mwaka jana Desemba. Hiyo si mbali, kama kilomita 190, mtu angedhani saa nne umefika umekaa. Lakini hamjui akina mama. Kwanza tulisimama view point ya Mai Mahiu, kila mtu ashuke aone Bonde la Ufa ambalo ameliona tangu utotoni. Watu wakaanza kubishana bei ya ngozi za kondoo. Dakika 50! Treasurer wetu alinunua mbili, na hatujapita hata Naivasha.

Nyahururu ni baridi jamani, ule mji uko juu zaidi ya mita 2,300, na sisi tumevaa vitenge vya sare mikono mifupi. Pale juu kwenye uzio unayaona maji yote ya Ewaso Narok yakianguka mita 74, mvuke unakurudia usoni. Unalipa kuingia, halafu wanakuja vijana na kinyonga kwenye fimbo. Mmoja akamweka kinyonga kwenye kofia ya chairlady bila kuuliza. Chairlady wetu ni mama wa heshima zake, mke wa mchungaji. Alichosema siwezi kuandika hapa. Na bado akaambiwa alipe, eti picha imeshapigwa.

Kushuka bondeni tulishuka sita tu kati ya 33, ngazi ni za mawe na zina utelezi. Huko chini ndiko kwenye maporomoko yenyewe, unayasikia kifuani kabla hujayaona. Nilikaa kama dakika 15 nikalowa mpaka kitenge. Kupanda nilisimama mara saba. Wenzetu juu walikuwa wamemaliza pilau.

Mtoto wa Tanga:

Mimi niko Marekani, New Jersey. Mama alikuja kunitembelea kutoka Tanga, akasema kabla hajarudi anataka kuona Niagara, maana jirani yake Halima ameiona kwenye televisheni na haachi kuisimulia. Nikakata tiketi za basi la watalii la siku moja kutoka New York. Tumetoka saa kumi na moja alfajiri. Kilomita 650 hivi, saa saba za barabara. Mwongozaji anaeleza kwa Kichina kwanza, watu wanacheka, halafu kwa Kiingereza, sisi tunacheka kwa adabu. Mama hakulala hata kidogo. Kila ng'ombe aliyemwona shambani alimtathmini.

Tukashuka upande wa Marekani. Mama akatazama maghorofa na kasino ng'ambo ya Kanada, akaniuliza, "Ndiyo hapa? Mbona wameyajengea mji?" Nikamwambia hebu sogea ukingoni. Akasogea. Kimya. Nikamwona anavuta uradi.

Kwenye boti unapewa koti la plastiki la bluu; wa upande wa Kanada wanavaa mekundu. Mama akalivaa juu ya buibui, akajitazama. "Kwetu mifuko ya nailoni imepigwa marufuku, huku ndiyo nguo." Safari ya boti ni kama dakika 20 tu, lakini pale inaposogea kwenye ule mkunjo wa kiatu cha farasi huoni mbele wala nyuma, ni weupe na mngurumo. Mama alinishika mkono kwa kucha. Nina alama hadi leo, na tulipotoka alikana katakata kwamba aliogopa.

Halafu mwongozaji akaeleza jambo ambalo Mama hajaliacha mpaka leo. Sehemu kubwa ya maji ya mto ule inachepushwa kwenda kwenye mitambo ya umeme. Kuna mkataba wa Marekani na Kanada wa 1950: mchana wa msimu wa watalii lazima waachie angalau mita za ujazo 2,800 hivi kila sekunde zipite kwenye maporomoko, na usiku wanaruhusiwa kupunguza hadi nusu. Mama akataka nimtafsirie mara mbili. "Kwa hiyo usiku wanafunga bomba?" Nikamwambia kama hivyo. "Basi yule Halima anasimulia maji ya bomba!"

Angalizo kwa wanaoleta wazazi: mtazamo mpana uko upande wa Kanada, na kuvuka daraja la kwenda huko kwa visa ya Marekani peke yake hairuhusiwi, lazima uwe na visa ya Kanada. Nusu ya basi walivuka. Sisi tulibaki. Kwa kweli tulifaidi, maana wenzetu walikaa foleni ya uhamiaji, sisi tukaswali adhuhuri na alasiri kwenye nyasi, tukala chapati za Mama tukisikiliza maji. Jumla yetu saa tatu na robo. Nyumbani tukaingia saa nane usiku.

Guide wa Uchaggani:

Nimesoma nacheka. Mimi kazi yangu ndiyo hii, napeleka watu maporomoko ya Materuni kutoka Moshi, na nitasema ukweli hata kama wenzangu watanuna. Muda hauliwi na barabara. Unaliwa na kukusanya abiria vituo vitano, kila kituo dakika 20, na unaliwa na kusimama kila penye choo na duka. Mwandaaji akishachelewa hana pa kufidia isipokuwa majini, kwa sababu giza halisubiri na njia ya msitu huwezi kumshusha mtu kwa tochi ya simu.

Kwa hiyo usiulize mnafika saa ngapi, hilo atakudanganya bila kujua. Uliza maporomoko mnaondoka saa ngapi, na kabla ya pale mnasimama wapi. Uliza kama kiingilio kimeshalipwa au kitalipiwa mlangoni. Machi hadi Mei mvua zikikolea maji ni mengi lakini njia ni tope tupu, njoo na nguo za kubadili. Na Siti ya Dirishani, yule kijana wa yeboyebo alikuwa sahihi, zinashika jiwe lenye maji kuliko raba zenu. Mimi mwenyewe buti navaa nikiwa na wageni tu, kwa heshima.

Kingine, wageni wangu nawapeleka majini kwanza, kutwanga kahawa baadaye. Ukianza na kahawa, wakishashika mchi wa kutwangia na nyimbo zikianza, hawabanduki.

Siti ya Dirishani:

Guide, ubarikiwe. Mtoto wa Tanga, msalimie sana Mama, mwambie Sanje hakuna bomba.

Jana usiku kundi letu la WhatsApp limeleta tangazo jipya: Dar–Materuni–Dar, siku moja. Moshi, wakuu! Kilomita 550 na zaidi kwenda tu. Nikauliza kwa upole kama nilivyofundishwa hapa: "Majini tunaondoka saa ngapi?" Alama mbili za bluu, kimya. Asubuhi mratibu akanijibu faraghani kwamba siti za dirishani zimebaki mbili, nitume ya kushikia.

Nimetuma.