Msimu wa skii Rwenzori ni miezi mingapi? Mgeni kaniuliza nikakosa jibu

Mpagazi wa Kilembe

Habari zenu wakubwa. Mimi ni mtu wa mlima wa Rwenzori, hapa Kilembe, Kasese, Uganda. Nilianza kwa kubeba makaa na masufuria ya wageni, sasa huu ni mwaka wa kumi na moja na wageni nawaongoza mwenyewe hadi kilele cha Margherita. Wiki iliyopita nilikuwa na mzee mmoja wa Kifaransa, miaka sitini na kitu, miguu ya mbuzi. Tuko kibandani Elena, mita 4,541, tunapasha mikono kwa vikombe vya chai, akaniuliza: "Msimu wenu wa skii huanza mwezi gani?"

Nikacheka. Yeye hakucheka. Akasema kwao theluji huingia Desemba na watu huteleza juu yake kwa vibao virefu vya miguuni mpaka Aprili. Nikamwambia yetu haina kalenda, huanguka mwezi wowote inaotaka. Akasema, basi mna bahati, mngeweza kuskii mwaka mzima. Neno hilo nililala nalo.

Theluji si kitu kigeni kwetu. Sisi Wakonzo tunaiita Nzururu, na Rwenzururu, jina letu la milima hii, limetoka hapo hapo. Nimeikuta mwezi wa kwanza, nimeikuta wa saba, na wa tano ndiyo usiseme: inafika magotini na kuziba nyufa za barafu, unakanyaga huku unaomba. Lakini hiyo iliyoanguka usiku, ikifika saa tano asubuhi imekuwa uji. Ndiyo maana tunawaamsha wageni saa nane usiku, tuwe kileleni jua likichomoza na tushuke kabla halijakolea.

Sasa nieleweshwe. Kilele chetu kina mita 5,109, tumeizidi milima yote ya Alps huko kwao Ulaya. Kwa nini ya kwao inakaa miezi na yetu haimalizi siku?

Kijana wa Ntinda

Banange! Huku Kampala umeme ukikatika hata soda inachemka, nyie mnajadili skii. Ssebo, jaza hiyo theluji kwenye gunia uilete sokoni Owino, nitakutafutia wateja.

Dada wa Tirol

Kaka, pole na kazi, na huyo wa Ntinda mwache. Mimi ni mzaliwa wa Fort Portal, niko Austria mwaka wa saba, natandika vitanda kwenye hoteli ya watu wa skii. Theluji ndiyo inayonilipa. Mkataba wangu huanza katikati ya Desemba na kuisha Pasaka ikipita, kwa hiyo Pasaka ikichelewa mimi nashangilia.

Usipime kwa urefu tu. Ni kweli kila ukipanda mita 100 joto hushuka nyuzi nusu na kidogo, ndiyo maana nyie mna barafu na Kasese mjini watu wanalala bila shuka. Lakini kijiji ninachokaa kiko mita 800 hivi, chini kabisa kuliko Fort Portal, na Januari nafagia theluji mlangoni kabla ya kunywa chai. Kinachotusaidia ni jua. Desemba hapa mwanga ni saa nane na nusu tu, na jua lenyewe linapita pembeni kama mtu anayekwepa deni. Kinachoanguka hakina wa kukiyeyusha. Cha Desemba kinalaliwa na cha Januari, na cha Januari na cha Februari.

Kwenu ikweta jua linapita utosini mwaka mzima, saa kumi na mbili kila siku. Usiku kunaganda, mchana kunayeyuka. Halafu kuna jambo litakalokuchekesha: hiyo hali yako ya asubuhi chuma na saa tano uji, na sisi tunayo, ila ni ya mwezi wa nne. Wenyeji wanatoka alfajiri, wanateleza kwa muda wa saa mbili au tatu, mchana wote wako kwenye bia. Aprili yetu nzima ndiyo kila siku yako ya Elena. Wewe hujawahi kupewa Januari.

Na Januari ndiyo yenyewe. Theluji inakuwa kavu kama unga wa muhogo, ukiifinya mkononi haishikani. Wageni wanalipa pesa nyingi kwa huo unga.

Lakini usidhani hiyo miezi minne yote imetoka mbinguni. Kuna Krismasi majani yako kijani huku na huku, na katikati mstari mmoja mweupe kama barabara iliyopigwa chokaa. Hiyo ni ya mashine: wanapuliza maji na hewa usiku kucha, na wanahitaji baridi ya nyuzi 2 au 3 chini ya sifuri, hewa ikiwa kavu ndiyo vizuri zaidi. Wanaoteleza mwaka mzima wapo, Hintertux hapa kwetu na Zermatt kule Uswisi, kwa sababu wako juu ya barafu ya kudumu. Hata hivyo Julai 2022 joto lilipiga mpaka Zermatt wakasimamisha.

Fundi wa Maseru

Salamu kutoka Lesotho, mimi ni Mganda wa kufunga majokofu. Huku skii ipo! Afriski, juu ya Mahlasela, zaidi ya mita 3,000. Msimu ni Juni hadi Agosti, maana huku kusini baridi huja wale wa Ulaya wakiwa na joto. Chile na New Zealand nao hivyo hivyo, ila wao husogea mpaka Septemba, Oktoba.

Tatizo la Lesotho ni kinyume cha lenu nyie wa Rwenzori. Baridi ipo ya kukata masikio, lakini mvua zetu ni za kiangazi, kwa hiyo wakati wa baridi mbingu ni kavu. Wanategemea mashine. Nyie maji mnayo mpaka matope yanavua watu gambuti, mnakosa baridi ya kukaa.

Mwalimu wa Jiografia, Mbarara

Mwambie mgeni wako ndoto hiyo ilishaotwa Bolivia. Juu ya La Paz, mahali panapoitwa Chacaltaya, zaidi ya mita 5,200, watu waliskii tangu miaka ya 1930. Nao ni watu wa tropiki kama sisi, kwa hiyo hawakungoja baridi. Walingoja msimu wa mvua, kwa sababu ndio uliowaletea theluji mpya ya kufunika barafu. Mwaka 2009 barafu yenyewe ikaisha. Imebaki miamba.

Theluji mpya ni kama bati jeupe juu ya nyumba, inarudisha jua lilikotoka. Ikianguka mvua badala yake, barafu chafu inabaki uchi na kulinywa jua lote. Yule Mwitaliano wa ukoo wa kifalme, Duke wa Abruzzi, alipopanda Rwenzori mwaka 1906, barafu ilikuwa zaidi ya kilomita za mraba 6. Leo haifiki 1.

Mpagazi wa Kilembe

Asanteni sana. Dada, hiyo ya Aprili nimeielewa kuliko yote, nimewasomea wapagazi wenzangu jikoni wakapiga makofi.

Mwalimu, hizo kilomita zako ni hesabu za vitabu, mimi nahesabu kwa kamba. Nilipoanza kazi kuna mahali tulitoka barafu moja tukaingia nyingine bila kuvua vyuma vya miguuni. Sasa katikati pana mwamba mtupu, tunawashusha wageni kwa kamba mmoja mmoja, na wanaoogopa wanatuchukua saa nzima.

Mgeni nimemwandikia kwamba msimu hatuna. Kama anataka anga safi na barafu ngumu inayoshika chuma, aje Januari, Februari, au kati ya Juni na Agosti. Kama anataka theluji nyingi, aje kwenye mvua na asiulize kwa nini haoni kilele. Amejibu anakuja Februari, na skii zake anazileta. Dada, zina kilo ngapi hizo?

Dada wa Tirol

Za kawaida pamoja na viatu vyake, kama kilo 10. Na hazikunjiki.

Mpagazi wa Kilembe

Hazikunjiki! Kupita nazo kwenye yale matope na miti? Atalipia mpagazi wa pili.