Siku moja kutoka Luxor: Dendera peke yake, Dendera na Abydos, au Esna na El Kab?

Mtembezi_Tanga: Wakuu, habari za leo. Februari nitakuwa Luxor, Misri, na mama mzazi. Karnak na Bonde la Wafalme tumeshazipangia, imebaki siku moja ya mahekalu yasiyo na msongamano. Nina bei za safari tatu, zote kwa gari binafsi na mwongoza watalii: Dendera tu, Dendera pamoja na Abydos, au kushuka kusini Esna na El Kab. Mama anapenda historia kunishinda, ila magoti yanamsumbua. Mngechukua ipi?

BintiKisauni: Dendera na Abydos, bila kusita. Dendera iko kilomita 60 hivi kutoka Luxor, ndiyo maana wengi huishia hapo. Abydos ni karibu saa tatu barabarani, na umbali huo ndio unaopunguza watu. Hekalu la farao Seti I huko Abydos lina vyumba vitakatifu saba: vya miungu Osiris, Isis, Horus, Amun-Ra, Ra-Horakhty, Ptah na cha mfalme mwenyewe. Rangi bado ziko ukutani. Sogea karibu na mawe yale meupe ya chokaa uangalie mikunjo ya nguo na vidole vilivyochongwa. Kisha nenda sehemu aliyomalizia mwanawe, Ramses II: pale michoro imezamishwa ndani ya jiwe na kazi ni nzito zaidi. Utaona tofauti hata bila kuelezwa.

Mzee_Ramogi: Kijana wangu, mfikirie mama. Kwenda na kurudi ni saa sita garini, labda zaidi. Mimi ningempeleka Dendera tu, tena bila haraka. Ukumbi wa mbele una nguzo 24 zenye uso wa mungu wa kike Hathor, na dari limesafishwa masizi, buluu imerudi. Nut, mungu wa kike wa anga, anaonekana akilimeza jua. Ngazi ya kupanda juu ya paa ina vidato vifupi, na kutani makuhani waliochongwa wanapanda nawe. Zodiaki, yaani mchongo wa anga na makundi ya nyota, iliyo huko juu ni nakala, ya asili iling'olewa 1821 na sasa iko Louvre, Paris. Vyumba vya chini ya sakafu mama asiingie, njia ni finyu mno. Badala yake mzungushe nyuma ya hekalu akamwone Kleopatra VII na mwanawe Kaisarion ukutani.

Fundi_Mawe: Esna nayo isidharauliwe. Umebaki ukumbi mmoja tu wa hekalu la mungu Khnum, mita 9 hivi chini ya usawa wa mtaa, lakini usafishaji wa Wamisri na Wajerumani tangu 2018 umefichua rangi za ajabu. Shida ni El Kab. Kaburi la Ahmose mwana wa Ebana, askari aliyeandika habari za vita vya kuwafukuza Wahyksos, wageni waliotawala kaskazini mwa Misri, liko mlimani na ngazi ni nyingi. Kwa magoti hayo, hapana.

Mtembezi_Tanga: Asanteni sana. Mama amesikia habari za Abydos, sasa hataki jingine. Tuanze wapi?

BintiKisauni: Abydos kwanza. Ondokeni saa kumi na mbili asubuhi, Dendera muipitie mkirudi. Mwambie mwongozaji mapema kwamba mnataka muda kwenye vyumba vile saba na kwenye orodha ya wafalme 76 inayoanza na Menes. Mama aitafute Hatshepsut, Akhenaten na Tutankhamun: hawamo, waliachwa kwa makusudi. Wengine hupoteza muda kwenye mchongo unaofanana na "helikopta", ambao ni maandishi ya Seti yaliyochongwa upya na Ramses, lipu ikabanduka. Beba tochi, ndani kuna giza.

Mzee_Ramogi: Basi gari liwe na nafasi ya kunyoosha miguu, na msimame njiani. Uliza pia kama viingilio vyote viwili vimo kwenye bei. Uwe na kadi ya benki, na paundi ndogondogo za bahashishi kwa walinzi.