Tupeane uzoefu: mtoto anapolazwa, nini kilimpunguzia hofu?

Mama Ilham: Habari zenu wapendwa. Binti yangu wa miaka 4 ana tundu kwenye moyo, tumepangiwa upasuaji Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete (JKCI), pale Muhimbili. Madaktari wamenielewesha vizuri, kazi ni yeye. Akiona koti jeupe ananing'ang'ania shingoni. Kuna hospitali (siitaji) walinitoa nje wakamkandamiza kitandani kumtafuta mshipa, tangu hapo hata duka la dawa hataki kupita. Mliopitia, mlifanyaje?

Chuma_Mboga: Pole dada. Wangu alikuwa na ule mshipa wa karibu na moyo ambao hujifunga mtoto akishazaliwa, wa kwake ukabaki wazi. Hapo hapo JKCI walipitisha mrija kwenye mshipa wa paja wakauziba, kifua hakikuguswa. Mpeleke kwa daktari wa meno mapema. Bakteria wa jino bovu wakiingia kwenye damu wakafika kwenye moyo ni balaa, kwa hiyo mdomo unakaguliwa kabla.

Nesi_Watoto: Wazazi, hofu nyingine mnatuletea kutoka nyumbani. Mtoto kagoma kula: "ngoja nimwite daktari akuchome sindano." Hajalala: sindano. Siku anaumwa kweli mnamleta kwa yule yule mliyemtishia naye! Acheni hiyo. Na msimwambie haitauma. Mwambie itauma kidogo, kama kubanwa na kibanio cha nguo, itaisha, na mama atakuwepo. Akishadanganywa mara moja, sisi wote tumeharibikiwa.

Mtoto mchanga mnyonyeshe wakati anachomwa, kunyonya kunapunguza maumivu kweli. Mkubwa kidogo, uliza kama kuna dawa ya ganzi ya kupaka, inapakwa kama saa nzima kabla. Haipo kila mahali, lakini uliza. Mkalishe mapajani mkiwa kifua kwa kifua, maana akilazwa chali anajiona amekamatwa. Nyumbani mpe mdoli amfunge bandeji, amchome, amsikilize moyo.

Siku ya nusu kaputi: chakula mwisho masaa 6 kabla, maziwa ya mama masaa 4, maji matupu masaa 2, ila fuata watakachokwambia wao. Usimpe kitumbua kwa siri eti unamhurumia. Akitapika akiwa usingizini, matapishi yanaingia mapafuni.

Baba Kulwa: Nesi, nakubali, ila kuna siku lazima ashikwe. Wangu alifika na degedege, huyo utamchezeshea mdoli saa ngapi?

Nesi_Watoto: Hiyo dharura baba, tunashika. Hata hivyo mzazi anaweza kusimama upande wa kichwa akaongea naye. Kumtoa nje mara nyingi ni mazoea yetu tu.

Mama Junior wa Tegeta: Sisi tulianza hospitali ya CCBRT Msasani akiwa kichanga, nyayo zimegeukia ndani. Hogo (plasta ngumu ya mguuni) linabadilishwa kila wiki, anafungwa huku ananyonya, wala halii. Kasheshe ni viatu vyenye chuma katikati: miezi 3 ya mwanzo masaa 23 kwa siku, baadaye wakati wa kulala tu mpaka miaka 4 hivi. Bibi yake akawa anavivua nikienda kazini, "mnamtesa mjukuu wangu." Mguu ukaanza kurudi ulikotoka. Nikambeba bibi mpaka kliniki, akaelezwa akaonyeshwa. Sasa yeye ndiye askari, hata mimi ananikagua usiku.

Baba Kulwa: 😂 Bibi apewe cheo.

Mama Ilham: Asanteni sana. Mrejesho: mdoli amefungwa bandeji hadi haonekani. Upasuaji umesogezwa mbele, kaamka na mafua na kikohozi, wamesema hawamlazi usingizi kifua kikiwa hivyo. Meno yamekaguliwa, kuna gego moja bovu la kung'oa. Mwenye uzoefu wa kung'olesha mtoto wa miaka 4 ambaye tayari anaogopa watu aje hapa, maana kwa daktari wa meno alinifungia mdomo kama kobe.