Bomba la kunyweshea mbuzi dawa ya minyoo halitoi kipimo kamili, na mbuzi wanakohoa

mfugaji_hindi

Assalaam aleikum wana jukwaa. Nina mbuzi 40 hapa Hindi, Lamu bara. Natumia bomba la mkono la ml 30, lile la kufyatua lenye mpira unaoingia kwenye chupa ya mgongoni. Dawa ni albendazole ya asilimia 2.5 na kipimo nimekiweka ml 6 kwa kila mbuzi mkubwa. Matatizo ni matatu. Silinda inaonyesha mapovu ya hewa kila nikifyatua. Kifyatulio kinarudi polepole sana. Na baadhi ya mbuzi wanakohoa pale pale dawa inapoingia. Wiki tatu baada ya kunywesha, wengine bado wana uvimbe laini chini ya taya na macho yao kwa ndani ni meupe. Je, dawa ni mbovu au bomba ndilo bovu?

fundi_mokowe

Waaleikum salaam. Usiitupe dawa kabla ya kulipima bomba. Elekeza mdomo wa bomba juu, fyatua mpaka hewa yote itoke na dawa ianze kuruka bila povu. Kisha fyatua mara kumi ndani ya chombo chenye alama za mililita. Kama huna, mimina kwenye kikombe kikavu halafu uvute kwa sindano ya ml 20 uhesabu. Ukiwa umeweka ml 6 unatakiwa upate 60. Ikishuka chini ya 57, bomba lina kasoro. Pima kwa dawa yenyewe, si kwa maji. Dawa hii ni nzito, na bomba linaloonekana zima kwa maji laweza kukosea kwa dawa.

Tuletee jibu la hesabu hiyo, na utuambie pia dawa inavujia wapi.

mfugaji_hindi

Nimepima. Mara kumi zimetoa ml 44. Mdomo unadondosha tone moja moja nikiliacha bomba limening'inia, na nyuma ya pistoni upande wa mpini pana unyevu mweupe.

fundi_mokowe

Basi una kasoro mbili, labda tatu.

Unyevu nyuma ya pistoni ni raba ya pistoni iliyolika. Ukifyatua, sehemu ya dawa inarudi nyuma badala ya kwenda mbele. Ukiachia, hewa inapita pale pale na kuingia kwenye silinda, na hapo ndipo mapovu yanapotoka. Tone la mdomoni ni valvu ya kutolea isiyofunga. Valvu hiyo ikiwa wazi, unapoachia kifyatulio bomba hunyonya hewa kutoka mdomoni badala ya kunyonya dawa kutoka kwenye chupa. Mara nyingi haijavunjika, ni dawa tu iliyokauka ikaganda kwenye kiti chake.

Valvu ya kuingizia nayo ichunguze. Fyatua huku ukiutazama mpira: ukiona dawa inarudi nyuma kuelekea chupani, ndiyo hiyo haifungi.

Kurudi polepole kwa kifyatulio kuna sababu zake. Kwanza tazama kifuniko cha chupa. Chupa isiyo na tundu la kupitishia hewa hujibana kadiri dawa inavyotoka, na mwisho bomba linavuta bure. Ukiona chupa imebonyea ubavuni, umepata mchawi. Pili, na hii huleta mapovu zaidi kuliko kuchelewa, ncha ya mpira ikishakuwa ngumu hailibani tena komeo inapochomekwa kwenye bomba, hewa ikapenya. Kata sentimita mbili, chovya ncha mpya kwenye maji ya moto, irudishe. Tatu, raba ya pistoni iliyovimba. Hii husababishwa na vaselini au grisi, kwa kuwa mafuta ya petroli huivimbisha raba ya asili. Pistoni hupakwa tone la mafuta ya silikoni au mafuta ya mbarika. Mafuta ya kupikia nayo si mazuri, yakikaa hugeuka gundi.

Sasa kufungua. Toa mdomo, zungusha silinda itoke, shika springi isikurukie jichoni. Loweka valvu kwenye maji ya uvuguvugu yenye sabuni kwa nusu saa, sugua kwa mswaki laini, usitumie sindano wala msumari kukwangua kiti cha valvu maana mkwaruzo mmoja utavuja maisha. Silinda ya plastiki usiichemshe, hupasuka nyufa ndogo ndogo. Suuza mwisho kwa maji matamu. Huku kwetu visima vingi vina chumvi, na chumvi ikikauka ndani ya valvu hukaa kama mchanga, halafu inakula springi. Maji ya mvua ya jabia au ya tangi ndiyo yanayofaa. Anika kivulini.

Na tikisa chupa kila baada ya mbuzi wachache. Albendazole ni unga ulioelea kwenye maji, hushuka chini. Asiyetikisa huwapa mbuzi wa kwanza uzito mmoja wa dawa na wa mwisho uzito mwingine kabisa.

msaidizi_wa_mifugo_witu

Fundi amemaliza upande wa chombo. Mimi naongeza hesabu, maana hata bomba likipona, ml 6 yenyewe ni ndogo.

Asilimia 2.5 maana yake ni mg 25 kwa kila mililita. Ml 4.4 ulizokuwa ukitoa ni mg 110. Mpime mbuzi mkubwa kwa utepe wa fundi cherehani: mzunguko wa kifua nyuma ya miguu ya mbele, na urefu kutoka ncha ya bega mpaka mfupa wa kalio, vyote kwa sentimita. Zidisha mzunguko kwa mzunguko, kisha kwa urefu, gawa kwa 10,838. Mzunguko wa 65 na urefu wa 60 ni kama kilo 23 na nusu. Kwa hiyo mbuzi huyo alipata chini ya mg 5 kwa kilo. Hicho ndicho kipimo cha kondoo. Mbuzi huivunja dawa ya jamii hii haraka kuliko kondoo, kwa hiyo hupewa angalau mara mbili, yaani mg 10 kwa kilo. Kwa mbuzi huyo ni ml 9.4, weka bomba kwenye 10. Thibitisha na daktari wa mifugo wa eneo lako kabla, kwa sababu lebo zinatofautiana na zile za asilimia 10 zipo madukani. Ukikosea ukaweka ml 10 ya dawa ya asilimia 10, umempa mara nne.

Panga mbuzi kwa makundi ya ukubwa, kisha tumia kipimo cha yule mzito zaidi katika kundi. Watu hutumia cha wastani, na hivyo nusu ya kundi hupata pungufu. Pungufu haiwaui minyoo wote; inaua wanyonge na kuwaacha wagumu wazaane. Majike waliopandwa chini ya mwezi mmoja uliopita usiwape albendazole kabisa, huharibu mimba changa.

Uvimbe wa taya na macho meupe ni dalili za mnyoo anayenyonya damu tumboni, ambaye hushamiri masika ikianza kutoa majani mabichi. Ukitaka kujua kama dawa bado inafanya kazi, peleka kinyesi maabara siku ya kunywesha na tena baada ya siku 10 hadi 14. Mayai ya minyoo yasipopungua kwa angalau asilimia 95, na bomba ulilipima likawa sawa, hapo sasa ilaumu dawa.

bi_kipungani

Hakuna aliyegusa kukohoa, na hilo ndilo linaloua mbuzi kwa haraka.

Ndugu, nadhani unainua kichwa. Kila mtu huinua kichwa, kana kwamba anamimina maji kwenye mtungi. Pua ya mbuzi isipite usawa wa jicho lake. Ukiinyanyua zaidi hawezi kumeza vizuri na dawa inateremkia kwenye mapafu. Mrudishe kinyumenyume mpaka makalio yaguse pembe ya boma, mbane ubavu kwa goti, mkono wa kushoto chini ya taya. Usimshike ulimi. Mdomo wa bomba uingie pembeni mwa kinywa, pale penye pengo lisilo na meno kati ya meno ya mbele na magego, ulale juu ya ulimi mpaka upite ule mwinuko wa nyuma. Hapo fyatua taratibu, kama sekunde mbili tatu, umsikie akimeza.

Ukimwaga dawa mbele ya ulimi, mbuzi humeza kama anayenyonya, na mfereji wa koo hufunga na kuipeleka dawa moja kwa moja tumbo la nne. Tumbo kubwa la kwanza linakosa kuwa ghala la dawa, nayo inapita haraka bila kufanya kazi yote. Ndiyo maana mahali unapoiweka kuna uzito kama kiasi unachoweka.

Akilia, subiri. Mbuzi anayelia njia ya pumzi iko wazi. Akikohoa, mwachie kichwa saa hiyo hiyo akiinamishe. Usimalizie dozi kwa hasira. Yule aliyekohoa sana mtie alama ya rangi umwangalie siku tatu: akipumua haraka, akipata homa, akitoa kamasi yenye harufu mbaya, hiyo ni nimonia ya dawa na anahitaji daktari, si dawa nyingine ya minyoo.

Ukague na mdomo wenyewe. Ncha ikipindwa na kupata kijino, inachana koo, na jipu la koo utaliona wiki baadaye mbuzi akitema majani. Piga tupa laini mpaka kidole kisihisi kitu.

kijana_shela

Kwetu tunatumia chupa ya soda. Mbona mambo haya yote?

bi_kipungani

Mwanangu, chupa haina kipimo wala haijui kusimama mbuzi akikohoa, na ya kioo ikisagwa na magego umemlisha vigae. Kama huna bomba, sindano ya ml 20 iliyotolewa chuma chake inatosha kwa mbuzi watano. Kwa watoto wa mbuzi mimi naona sindano ya ml 10 ni bora kuliko bomba lolote, kwa sababu bomba kubwa hukosea sana kwenye vipimo vidogo.

kijana_shela

Shukran bi. Na punda je? Bomba hilo hilo lafaa?

msaidizi_wa_mifugo_witu

Hapana. Punda hapewi mabaki ya dawa ya mbuzi. Levamisole, dawa nyingine ya minyoo, kwa mfano, kwake ina nafasi ndogo mno kati ya kipimo na sumu. Yake ni dawa ya kubana, ivermectin ya asilimia 1.87, inayokuja ndani ya sindano yake ya plastiki yenye pete kwenye fimbo. Sindano moja kwa kawaida ni ya farasi wa kilo 600. Punda wetu wengi wa Lamu wako karibu na kilo 130 hadi 150, kwa hiyo inatosha punda wanne.

Kosa kubwa ni pete. Izungushe mpaka alama ya kilo unazotaka kisha uifunge. Isipofungwa, kidole kikisukuma fimbo inakwenda yote, na hakuna njia ya kuirudisha. Kinywa kiwe hakina majani, maana punda huitema dawa pamoja na donge la majani. Ingiza pembeni kwenye pengo la meno, bana dawa juu ya ulimi kwa nyuma, mwinue kichwa kidogo kwa sekunde chache. Hapa kichwa kuinuliwa kunaruhusiwa kwa kuwa dawa ni nzito kama uji uliokolea, haitiririki. Pangusa ncha kabla ya kumwendea mwingine.

Wewe uko Shela, hospitali ya punda ya Donkey Sanctuary iko Lamu mjini tangu 1987. Mpeleke huko apimwe uzito kwanza.

fundi_mokowe

Na jambo moja linalosahaulika: bomba lililowahi kutiwa dawa ya kupe lisirudi tena kinywani mwa mnyama. Hata ulisafishe vipi. Raba huifyonza sumu.

mfugaji_hindi

Nimebadilisha raba, nimesafisha valvu kwa maji ya mvua, nimetoboa tundu la hewa kwenye kifuniko. Nimeweka 10, mara kumi zimetoa ml 98. Mapovu hakuna. Ila springi ya valvu ya kutolea imeota kutu na dukani hawana. Naweza kukata springi ya kalamu?

fundi_mokowe

98 ni sawa, nywesha. Springi ya kalamu usitie. Itashika kutu kabla ya mwezi kwa hewa hii ya bahari, na nguvu yake si ile: ikiwa ngumu mno kifyatulio kitakuwa kizito na dawa itaruka kwa kishindo kooni, ikiwa laini valvu haifungi na unarudi kwenye matone. Tafuta ya chuma kisichoshika kutu. Maduka ya agroveti ya Mpeketoni au Malindi huuza pakiti ya vipuri yenye raba, valvu na springi pamoja. Beba ile ya zamani mkononi, usitaje tu "springi ya bomba", maana ya bomba la ml 10 haiingii kwenye la ml 30.